Roja Si Wilko

Kwa siku ya nne mfululizo, mume na mke walikuwa wakizungumza kwa redio tu.

Nyumbani, kimya. Chumvi iliombwa kwa kidole. Lakini mke alikuwa mwongozaji wa ndege katika mnara wa uwanja mdogo, na mume alikuwa rubani wa ndege ya kupeleka dawa, na sheria za anga hazijui kununa.

"Mnara, hapa Dawa Moja. Naomba kuruka."

"Dawa Moja, umeruhusiwa kuruka."

Hata "safari njema" hakupewa.

Ugomvi ulianza Jumapili. Mume alikuwa amezama kwenye gazeti, mke akamwambia, "Mama anazeeka kule peke yake. Tangu baba afariki hana hata wa kumpa maji. Nataka ahamie hapa kwetu."

"Roja," mume alijibu bila kuinua macho.

Mke akafurahi. Kesho yake akanunua kitanda, akakiingiza kwenye kile chumba ambacho mume hurundika redio zake mbovu. Mume aliporudi kazini alikikuta kimetandikwa shuka la maua, na mto umetunishwa tayari.

"Nani kakubali mambo haya?"

"Si wewe? Ulisema roja."

Mume akakohoa, akaanza kufundisha. "Mke wangu, roja maana yake nimekusikia. Basi. Zamani, watu walipokuwa wakigonga ujumbe kwenye waya, ti-taa-ti, aliyeupata alijibu kwa herufi R, yaani umepokelewa. Redio zilipokuja, wakawa wanaitaja hiyo R kwa jina la mtu, Roja, isije ikasikika kama herufi nyingine. Ningekuwa nimekubali, ningesema wilko: nimesikia na nitatekeleza. Je, nilisema wilko?"

"Miaka kumi na moja ya ndoa, leo unanifanyia mtihani wa leseni?"

"Lugha ya redio ndivyo ilivyo," alisema, macho yake yakiwa dirishani.

Kilichomuuma mke zaidi ni kwamba mumewe hakuwa mtu wa roho mbaya. Kila Alhamisi alipopeleka dawa katika mji wa mama mkwe, hakukosa kumpitia na sukari na sabuni, na mara nyingi alirudi akicheka peke yake. Wawili hao walikuwa kama chanda na pete. Leo anamfungia mlango?

Mke akampigia mama yake simu huku analia.

"Nyamaza, mwanangu," mama alimbembeleza. "Usigombane na mumeo kwa ajili yangu. Kama hataki, hataki. Mimi nitavumilia."

Sauti ilikuwa nyepesi, karibu ya furaha. Maskini, mke aliwaza, anajikaza ili nisiumie.

Jumatano akabandika karatasi kwenye friji: "Kesho uje na mama. Nataka umwambie hizo roja zako usoni."

Asubuhi alikuta neno moja limeandikwa chini yake: "Wilko."

Alhamisi hiyo, saa tisa alasiri, redio ya mnara ikaita.

"Mnara, hapa Dawa Moja. Nimebakiza dakika tano. Tuko wawili."

"Dawa Moja, zunguka juu ya bwawa, usubiri. Kuna mbwa kwenye njia ya kutua."

"Mbwa wa kweli?"

"Watatu, Dawa Moja. Na wote wana adabu kukuzidi."

Mbwa walikuwepo kweli. Gari la zimamoto lilikuwa likiwafukuza huku na huko, na mkuu wa zimamoto, mtu mnene mwenye redio begani, alikuwa amening'inia mlangoni akipiga filimbi. Mke hakuwa na haraka. Alitumia muda huo kupanga maneno yake. Angemsimamisha mumewe pale pale chini ya mnara, mbele ya mama, mbele ya zimamoto, na mbele ya hao mbwa wenyewe wakipenda, amweleze bibi wa watu kwa nini hastahili kitanda.

Ndipo redio ikakwaruza. Ikaja ngurumo ya injini, na haikukatika.

Mke alielewa mara moja: kitufe cha kusemea kimenasa. Kikinasa, rubani hawezi kumsikia mtu, lakini kila neno linalosemwa ndani ya ndege linasikika kwa wote wenye redio.

"Dawa Moja, kitufe chako! Dawa Moja!"

Kazi bure. Sauti ya mume ikaingia, imechoka kabisa.

"Mama, mimi nimefika mwisho. Siku ya nne hii sijasemeshwa. Jana nusura nisimame sebuleni nipige meidei mara tatu, nayo meidei ni Kifaransa tu kilichopindishwa, maana yake nisaidieni."

Mama akacheka, kicheko cha msichana.

Kule chini, gari la zimamoto likasimama. Mkuu wake akaongeza sauti ya redio. Hata mbwa wakaketi.

"Vumilia, baba," mama alisema. "Shikilia hapo hapo kwenye roja yako. Mwanangu akijua ni mimi niliyekuomba ukatae, ataniuliza sababu, na sababu yenyewe ina masharubu."