Mgongo wa Gauni

Mkasi wa Damari ulisita. Gauni la kuzikiwa huchanwa mgongoni ili marehemu avishwe kwa urahisi. Kila fundi analijua hilo. Lakini mwenye gauni hili alikuwa hai, amekaa mbele yake, amebaki mifupa mitupu.

"Usichane," Bibi Perusi alisema. "Shona mgongo wote, tena uweke vifungo."

"Nani atauona, Bibi?"

"Siku ya ufufuo nitasimama mbele za Bwana, na majirani wote wapo. Nisimame mgongo wazi?"

Damari hakucheka. Mwezi wa tatu sasa alikuwa akificha uvimbe kwapani, akiogopa kuambiwa jina la ugonjwa huo. Akaweka mkasi chini, akachukua sindano. Alipofika kifungo cha mwisho aliuliza, macho yakiwa kwenye uzi:

"Bibi, kesho utaweza kunisindikiza hospitali?"