Sikio la Sungura Mgeni

Kabla ya kwenda sokoni, Saumu alimwomba mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, aweke wavu katikati ya banda, sungura wao wawili wanusane kwanza. Lakini papo hapo Bi Mwanaidi akamtia sungura mgeni wa Saumu moja kwa moja ndani, kwa jike lake la siku nyingi.

"Kwangu mtu huingia akazoea," alisema. "Wewe si ulizoea?"

Saumu aliporudi alimkuta sungura wake amejibanza pembeni, sikio limechanika, amejikojolea, yeye asiyewahi kukosea beseni lake la choo. Alimpakata, akamfuta damu kwa ncha ya kanga.

"Mimi pia sikuzoea, mama. Nilinyamaza tu."

Uso ulimwaka Bi Mwanaidi, akakosa pa kutazama. Alileta wavu, akaufunga katikati ya banda. Kisha akachota nyasi zenye harufu ya jike lake, akazitandika upande wa mgeni. Saumu akamrudisha sungura wake taratibu.

"Samahani usiisubiri, mwanangu," alisema Bi Mwanaidi bila kugeuka. "Siisemi."

Lakini hakuondoka. Alibaki amechutama, kidole amekipitisha kwenye tundu la wavu, akingoja mgeni aje akinuse.