Jibu la Chande

Siku hizi wahudumu wa ambulensi hawajiamulii. Kila wanapopokezana kubonyeza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, humuuliza ndugu yake: "Tuendelee?" Jibu lake ndilo sheria.

Moyo wa Mwinjuma uliposimama, aliyekuwapo sebuleni ni mdogo wake, Chande. Mara ya kwanza akajibu, "Endeleeni." Mara ya pili vilevile. Halafu mbavu zikaanza kuvunjika chini ya mikono ya dada mmoja mhudumu, zikilia kama vijiti vikavu. "Acheni," akasema Chande. Haikuwa huruma. Alitaka tu ile sauti ikome.

Lakini mhudumu mwingine alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kuushtua moyo kwa umeme. Moyo ukarudi.

Sasa Mwinjuma yuko mezani, anamsogezea Chande paja la kuku.

"Kula, bwana. Bila wewe ningekuwa udongoni."

"Ni wale wahudumu, kaka."

"Wahudumu wanamsikiliza nani? Acha kujishusha." Akacheka, mbavu zikamchoma, akakunja uso. "Leo wamenipigia, wanauliza nani atanijibia siku nyingine. Nimekutaja wewe. Shemeji yako nimemfuta. Mwoga yule, angewaambia waache."

Kule jikoni, shemeji akaacha kuosha vyombo.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema ukweli. Chande aliinamia sahani.

"Sawa, kaka," akasema, na kaka yake akamwongezea mchuzi.