Utabiri wa Siku ya Tatu

Asubuhi ya siku ya mwisho ya mashindano, Mrisho alimgeuka Haidari mbele ya watu.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la kinyozi pale stendi ya Kibiti, kikombe cha kahawa mkononi, na kundi la watu limemzunguka kama kawaida yake. Tangu mashindano ya baiskeli yaanze, hakuna aliyewekeana dau na mwenzake, hata la soda, kabla ya kumsikia Mrisho. Mtu yule alikuwa na jicho. Akikutazama unavyopanda tu, anajua utaishia wapi.

"Ukijumlisha siku zote tatu," alisema, "mshindi ni Dulla."

Watu waliangua kicheko. Dulla alikuwa wa tatu, nyuma ya Haidari na Bashiru, tena si nyuma kidogo. Haidari aliongoza tangu siku ya kwanza, walipokwenda Bungu na kurudi. Siku ya pili, kwenye mchanga wa Ruaruke, wenzake walishuka wakakokota baiskeli, yeye akapita amepanda. Mchanga ule ndio njia yake ya kazi, akiwa na tenga la samaki nyuma.

"Na Haidari je?" mtu aliuliza.

"Miguu anayo. Ila moyo wake laini. Huyu atashuka mahali ambapo mwenzake hatashuka."

Haidari alisikia kila neno, maana alikuwa pale pale akijaza upepo. Ilimuuma sana. Baba yake alipofariki, Mrisho ndiye aliyemsimamia jandoni. Ndiye aliyemshikia kiti cha baiskeli alipokuwa akijifunza. Hata jana yake jioni alimkanda mapaja kwa mafuta ya nazi, akimwambia pikipiki ni yako, mwanangu.

Pikipiki ndiyo iliyokuwa zawadi, mpya kabisa, imetolewa na tajiri mmoja wa mabasi, katika wale walioibuka miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wengine waliitaka kwa fahari. Haidari alimtaka mkewe. Sihaba alikuwa kwao Kiongoroni, na baba yake alishasema hatoki hapo mpaka mume apate chombo chake mwenyewe, aache kuhangaika na baiskeli za kukodi.

"Baba Mrisho, leo umenitupa," Haidari alimwambia.

"Nasema ninachokiona. Usininunie."

Kisha Mrisho akadandia lori lililokuwa likitangulia Ikwiriri, mwisho wa mbio, wala hakugeuka nyuma.

Siku ile Haidari alikanyaga kwa hasira. Kila alipolikumbuka lile neno laini, aliongeza mwendo. Mmoja mmoja walimwachia, akabaki na Bashiru peke yake aliyemng'ang'ania nyuma. Dulla hakuonekana hata vumbi lake.

Walipofika Umwe, Ikwiriri ikiwa inanukia, jeneza lilitokea kwenye njia ya pembeni. Lilifunikwa shuka ya kijani. Waliolibeba walikuwa wachache, vilemba wamevishusha mpaka kwenye nyusi kwa ajili ya jua, nao wakileta tahalili kwa sauti ya chini.

Hapo hapakuwa na la kufikiri. Kwetu mtu hapishani na jeneza akiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unatia bega, ukipokewa unaendelea na safari yako. Haidari alilaza baiskeli majanini akatia bega mbele, Bashiru akatia nyuma.

Jeneza lilikuwa jepesi. Haidari alimhurumia marehemu, maradhi lazima yalimmaliza. Akangoja kupokewa. Siku zote watu hugombania thawabu hiyo, lakini siku ile hakuja mtu. Walikwenda nalo mpaka katikati ya mikorosho, na kila alipogeuza shingo aliwaona wenye msiba wametazama chini.

Kutoka huko alimwona Dulla akipita barabarani. Hakushuka. Hakupunguza hata mwendo. Walipopokewa hatimaye na kurudi kwenye baiskeli zao, Dulla alikuwa ameshafika Ikwiriri kitambo.

Watu wa Ikwiriri walimzomea Dulla walipopata habari, lakini pikipiki alipewa yeye, kwa kuwa sheria za mashindano hazikusema lolote juu ya jeneza. Bashiru alilia waziwazi. Haidari alishindwa hata kulia. Alijiona amedhulumiwa, ila hakujua amlaumu nani, maana huwezi kumlaumu maiti. Mkwewe aliposikia alileta jibu fupi kwamba Sihaba ataolewa na mwingine, Haidari aandae talaka.

Ajabu ni kwamba kinyongo juu ya Mrisho kilimtoka. Mzee alikuwa ameona kweli, na kama kumheshimu maiti ndio ulaini, basi Haidari aliukubali. Alimfuata nyumbani akamwomba radhi kwa kununa. Mrisho alimkumbatia muda mrefu.

Kilichobaki kumsumbua ni kwamba alimbeba mtu asiyemjua hata jina. Ijumaa alifunga sukari na mchele, akaenda Umwe kuhani. Msikitini alimkuta mwadhini, mzee Mwinyimvua, akikunja mikeka.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kutoa pole. Msiba wa wiki iliyopita uko nyumba gani?"

"Marahaba. Msiba upi huo?"

"Wa siku ile ya baiskeli. Nililibeba jeneza mwenyewe."

Mzee aliuacha mkeka, akamtazama.

"Hapa hatujazika mtu tangu Mfungo Mosi, mwanangu. Jeneza letu siku hiyo aliliazima Mrisho wa Kibiti, alisema mmefiwa na la kwenu limevunjika. Alilirudisha jioni ile ile, yeye na kijana mmoja, wamelipakia kwenye pikipiki mpya."