Mizizi ya Kicheche

Ngiri alikuwa mlafi. Alikula bila kipimo, maji aliyasahau, na kila tumbo lilipomchafuka alikimbilia kwa Kicheche, muuza mizizi michungu ya kusafisha mwili.

"Mume wangu," mkewe alimwambia, "kunywa maji, kula majani, lala mapema. Mwili unajua kujisafisha wenyewe."

"Kama ni rahisi hivyo, Kicheche angepata wapi wateja?" Ngiri alicheka.

Siku moja mkewe akashikwa na homa. Ngiri akamchemshia mizizi kikombe kizima.

"Kunywa, itoe sumu yote."

Mkewe alikunywa ili asimuudhi. Akaharisha siku mbili mfululizo, ya tatu akafa.

Matanga yalipokwisha, Ngiri alimkuta Kicheche mtoni akinywa maji.

"Mbona hunywi mizizi yako?"

Kicheche aliinamisha kichwa. "Sijawahi kuinywa, kaka. Maji haya na usingizi vinanitosha."

Ngiri hakumgombeza. Alirudi nyumbani, akawachukua wanawe mpaka mtoni.

"Kunyweni," aliwaambia huku akilia. "Mama yenu alinieleza miaka yote, nami sikumsikiliza."