Kisanduku cha Bi Kashinde

Kompyuta zote za ofisi ya maji zilikosa mtandao tangu asubuhi, na fundi Siwema aliwatazama makarani kama mtu atazamavyo tope kwenye kiatu kipya. Wawili walikuwa wakifuta vioo vya kompyuta kwa kitambaa kibichi, wakingoja muujiza.

"Mmegusa nini tena?" aliuliza. "Nyie hata pasi ya mkaa ingewashinda."

Bosi alikwisha kusema: leo atamfukuza aliyeharibu, na asipopatikana, ataondoka fundi.

Kila kompyuta hupewa anwani yake na mashine kuu. Leo zilikuwa zimepokea anwani za ovyo, maana yake kuna mjinga aliyechomeka kifaa kingine kinachogawa za kwake. Siwema akafuata waya ukutani hadi meza ya karani mkongwe, Bi Kashinde. Hapo, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma, kisanduku cha intaneti cha nyumbani kilikuwa kikikonyeza taa.

"Ni changu, mwanangu," Bi Kashinde alinong'ona. "Juzi bosi alikugombeza kuwa mtandao wako unajikokota. Nikasema nikuongezee nguvu."

Siwema akachomoa waya kwa hasira.

"Mtandao umerudi," karani mmoja akasema, na mlango wa bosi ukafunguka.

"Haya, fundi. Ni nani?"

Siwema alikuwa amekificha kisanduku mgongoni, kingali na joto, kimeviringishwa katika kitambaa chake. Nyuma yake, makarani aliowatukana walikiona vizuri, na hakuna aliyekohoa.