Barua Iliyoahirishwa

"Si nilikwambia? Pakiti imeisha muda, mashine itakosaje kununa!" baba alifoka kutoka jikoni, akikata mboga. Kama wengi Taiwan, juu ya kompyuta aliweka pakiti ya kijani ya chipsi za mahindi kama hirizi, ili mashine isilete matata.

"Kilichoisha muda ni nywila yako, baba." Yuting akaandika mpya kwenye faili la mipangilio, na barua pepe zikamiminika kwenye skrini nyeusi.

Akabonyeza herufi m, aandike barua mpya ya kujaribia. Programu ikauliza: Kuna barua uliyoahirisha. Utaendelea nayo?

"Baba, barua gani hii uliyoahirisha?"

"Bonyeza hapana. Mimi kila siku nabonyeza hapana."

Akabonyeza ndiyo. Baba alikuwa amemwandikia yeye, mwezi ule Yuting alipohamia Taipei bila kuaga. Ndani mlikuwa na "Mwanangu," basi.

"Baba, baada ya koma ulitaka kusema nini?"

Jikoni, kisu kikaacha kukata.